Bethany alirudi baharini kabla ya mwezi kuisha. Kwa nini goti la binti yangu lisubiri miezi tisa?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza netiboli namba ya kati. Wakati wa mazoezi aliruka kudaka pasi, akatua kwa mguu mmoja, goti likasokota. Anasema alisikia kitu kimekatika ndani. Amefanyiwa upasuaji wa ile kano wanayoiita ACL na leo ni wiki ya saba. Maumivu yameisha kabisa. Shida iliyobaki ni filamu ya Soul Surfer, ya yule msichana aliyeng'atwa mkono na papa. Ameiweka kwenye simu na anaiangalia karibu kila siku. Ananiuliza: kama Bethany alirudi baharini kabla ya mwezi kuisha kwa sababu ya imani, mimi miezi tisa ya nini? Juzi alikuja mtumishi kumwombea, akamwambia amepona, aache magongo arudi uwanjani. Magongo ameshayaacha, na mashindano ya shule yanakaribia. Mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, sitaki nionekane namvunja mwanangu imani. Nimfiche hiyo filamu? (Mama, Dodoma)

JIBU: Mama, salama kabisa, poleni kwa kuuguza. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani yule mnayekabidhiwa kwake daktari akishamaliza, na ambaye mtamchoka kabla ya safari kwisha.

Filamu usiifiche. Mtoto wa miaka 16 ukimfichia filamu ataipata kwenye simu ya rafiki yake, na safari hiyo ataiangalia bila wewe. Halafu hesabu yake haina kosa. Bethany Hamilton aling'atwa tarehe 31 Oktoba 2003, akiwa na miaka 13, na ilipofika tarehe 26 Novemba mwaka huohuo alikuwa ameshasimama tena juu ya ubao baharini. Ukimbishia hapo atakushinda, na akishakushinda hapo hatakusikiliza kwenye mengine.

Mbishie pengine. Kilichoumia kwa Bethany na kilichoumia kwake yeye havipimwi kwa kalenda moja.

Niwasimulie kwa ufupi wasomaji ambao hawajaiona. Kisa kilitokea Kauai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii, kwenye ufukwe unaoitwa Tunnels. Asubuhi hiyo Bethany alikwenda kuteleza mawimbini na rafiki yake Alana Blanchard, pamoja na baba na kaka wa Alana. Alikuwa amejilaza kifudifudi juu ya ubao, mkono wa kushoto unaning'inia majini, wakisubiri wimbi. Papa mwenye urefu wa futi 14 hivi, zaidi ya mita nne, aliunyakua mkono karibu na bega, akamega na kipande cha ubao, akaenda zake. Baba yake Alana, Holt, alimfunga kwa nguvu juu ya jeraha kuzuia damu, wakamvuta hadi nchi kavu. Alifika hospitali ya Wilcox akiwa amepoteza takriban asilimia 60 ya damu yake. Na hapa pana jambo ambalo sisi watu wa viungo tunalipenda: asubuhi ileile baba yake Bethany alikuwa kwenye ratiba ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Baba akampisha binti. Mkono ukatengenezewa filamu; goti la baba halikutengenezewa, na sishangai, maana hakuna kitu kinachochosha kukitazama kama goti linalopona.

Sasa angalia kilichokuwa kinasubiriwa baada ya pale. Kwa Bethany ilikuwa ngozi na misuli ya begani ifunge, nyuzi zitolewe, damu irudi mwilini. Kwa msichana mwenye afya, aliyefanyiwa upasuaji vizuri, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Kidonda kikishakauka, hapakuwa na kitu ndani ya bega lile ambacho wimbi lingeweza kukikata upya. Magoti yake mawili, nyonga, kiuno, vyote vilikuwa vizima. Kilichobaki kilikuwa ufundi, nao haukuwa mdogo: kupiga makasia kwa mkono mmoja bila ubao kuzunguka, kujiinua kwa kiganja kimoja kilichowekwa katikati ya ubao badala ya viwili pembeni. Alianza na ubao mrefu na mnene zaidi ya ule aliouzoea. Baba yake akamfungia mshikio juu ya ubao ili aweze kupiga mbizi chini ya wimbi bila ubao kumponyoka. Alianguka, akarudia, na kila alipoanguka alitumbukia kwenye maji. Hakuna kilichokatika.

Binti yako kwa nje hana pengo lolote, na hapo ndipo penye mtego. Kano ile ya katikati ya goti ikikatika, mara nyingi haiungwi. Daktari huchukua kano nyingine kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, aghalabu za misuli ya nyuma ya paja au kipande cha ile iliyo chini ya pia ya goti, hutoboa mfupa wa paja na wa muundi, huipitisha humo na kuifunga. Siku anapotoka chumba cha upasuaji, kano hiyo ni imara, ila haina damu inayopita ndani yake. Mwili huanza kuibomoa kidogokidogo na kuijenga upya, mpaka iwe kano ya goti kwelikweli. Katika mwezi wa pili na wa tatu, wakati ubomoaji na ujenzi vinaendelea pamoja, huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa bahati mbaya ndio wakati huohuo uvimbe unaisha, maumivu yanaisha, mtoto anapanda ngazi na kucheka na wenzake. Zege la ghorofa hukauka juu ukalikanyaga kesho yake, lakini hakuna fundi anayeng'oa mirunda siku hiyo.

Wiki ya saba iko humohumo. Maumivu kuisha ni habari njema, namshukuru Mungu pamoja nanyi, lakini maumivu hayapimi uimara wa kano. Akiruka leo na kutua vibaya, anaweza asisikie chochote hadi sekunde inapokatika.

Miezi tisa nayo haikuokotwa barabarani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wachezaji kwa miaka miwili baada ya upasuaji wa namna hii. Ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja aliochelewa mchezaji kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden waliangalia vijana wa miaka 15 hadi 30: waliorudi kabla ya miezi tisa walikatika kano kwa kiwango cha karibu mara saba ya waliosubiri. Na hata kwa ujumla, vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo huumia tena karibu mmoja kati ya wanne, goti lilelile au la upande wa pili. Mwonyeshe namba hizi mwenyewe, usimsimulie. Watoto wa kidato cha tatu wanajua kusoma asilimia kuliko tunavyodhani.

Tena netiboli ni katili kwa goti kuliko watu wanavyoifikiria. Sheria ya hatua inakulazimisha udake mpira, utue, ufunge breki hapohapo. Huruhusiwi kukimbia na mpira ili mwendo uishe wenyewe kama kwenye mpira wa miguu. Mchezaji wa kati hufanya hivyo mchezo mzima, mara nyingi kwa mguu mmoja, huku kiwiliwili kinageukia upande mwingine kutafuta wa kumpasia. Ndivyo alivyoumia. Na wasichana, kwa mchezo uleule na dakika zilezile, hukatika kano hii zaidi ya wavulana. Kwa hiyo kumlinganisha na mtu anayeanguka kwenye maji ni kumwonea.

Turudi kwenye filamu yenyewe, maana naipenda na sitaki ionekane kama mshitakiwa.

Soul Surfer ilitoka Aprili 2011, mwongozaji ni Sean McNamara. AnnaSophia Robb anaigiza kama Bethany, Dennis Quaid na Helen Hunt ndio wazazi. Mkono wa kushoto wa mwigizaji ulivikwa soksi ya kijani, kisha ukafutwa kwa kompyuta. Ila zile picha za mawimbini baada ya ajali, zile zinazokufanya ushike kiti, nyingi anayeteleza ni Bethany mwenyewe, akiwa na mkono mmoja. Hilo mwambie binti, litamfurahisha, na ni kweli.

Wanachokifanya watengenezaji wa filamu za namna hii, siyo hii tu, ni kukata muda. Wana chini ya saa mbili. Hawawezi kukuonyesha mtu ananyoosha goti mara thelathini asubuhi na thelathini jioni kwa miezi minne. Kwa hiyo wanaweka muziki, wanapachika picha kumi za haraka, jasho, anguko, tabasamu, na ukipepesa macho mtu ameshapona. Katika hii wameongeza pia mpinzani, Malina Birch, msichana mwenye dharau wa kumpa Bethany mtu wa kushindana naye, huyo ametungwa. Safari ya kwenda Thailand kuwasaidia waathirika wa tsunami inafuata karibu sana na kurudi kwake baharini, wakati tsunami yenyewe ilitokea tarehe 26 Desemba 2004, zaidi ya mwaka mzima baada ya papa.

Hivyo fanya jambo hili. Jumamosi moja kaa naye, mpe kalamu na daftari, muiangalie pamoja, na kila tukio aandike pembeni tarehe halisi. Oktoba 2003, papa. Novemba 2003, ubao mrefu, maji ya ufukweni. Januari 2004, mashindano ya kwanza baada ya ajali, na hakushinda. Ubingwa wa taifa wa Marekani kwa wasichana wa daraja lake aliupata mwaka 2005. Mwaka 2016, akiwa ameshakuwa mama, alialikwa kwenye mashindano ya ligi kuu ya dunia kule Fiji akashika nafasi ya tatu, akiwafunga wanawake waliokuwa juu kabisa duniani. Atakapomaliza kuandika, ataona kwamba siku 26 zilikuwa za kuingia tu majini. Zake za namna hiyo ameshazipita: ameshatembea. Kombe lilikuja zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye. Miezi tisa ya binti yako inaingia humo mara mbili.

Mwambie pia atazame mwisho wa filamu kwa makini. Watoto wengi ukiwauliza watakuambia Bethany alishinda. Hakushinda. Wimbi lake kubwa linakuja muda ukiwa umeshaisha, halihesabiwi, na kombe linakwenda kwa yule mpinzani.

Sasa imani. Ndilo swali lako hasa, hata kama umelificha nyuma ya filamu.

Familia ya Hamilton ni Wakristo, na Bethany mwenyewe hajawahi kuona haya kusema kwamba imani ndiyo iliyombeba. Simbishii, wala kazi yangu hainiruhusu kumbishia. Ila ukisikiliza vizuri, humo ndani hakuna mtu anayemwahidi mkono. Kuna mahali anamuuliza kiongozi wake wa vijana, anayeigizwa na Carrie Underwood, inawezekanaje hili liwe mpango wa Mungu. Yule dada anamjibu kwamba hajui kwa nini mambo mabaya hutokea, ila anaamini kitu chema kitatoka humo. Hajui! Kiongozi wa vijana, mbele ya mtoto aliyepoteza mkono, anasema hajui, na mtoto haimpotei imani. Ningefurahi mtumishi wenu akiziona sekunde hizo.

Aya zinazotajwa humo ni mbili ambazo kila kijana wa kwaya anazo kwenye kava la simu, Wafilipi 4:13 na Yeremia 29:11. Fungueni Biblia pamoja, lakini msianzie kwenye aya hizo, rudini nyuma kidogo. Yale mawazo ya amani wala si ya mabaya waliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na aya ya 10, ile ambayo haiandikwi kwenye kava, inawaambia kwamba watajiliwa miaka 70 ikishatimia. Kabla yake wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, maana hawaondoki kesho. Kwa Wafilipi ni vivyo hivyo: kabla ya kusema anayaweza mambo yote, Paulo, naye yuko kifungoni, anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Mimi siyo mchungaji, lakini sioni pale mtu akiahidiwa kufupishiwa muda. Naona wakipewa nguvu ya kuumaliza.

Ipo filamu nyingine ya zamani, ningependa muitafute baada ya hiyo, inaitwa Joni. Ilitoka mwaka 1979. Joni Eareckson alikuwa msichana wa miaka 17, mpanda farasi, mtoto wa michezo, na Julai 1967 alipiga mbizi kwenye ghuba ya Chesapeake, mahali ambapo maji yalikuwa mafupi. Akavunjika shingo. Tangu siku hiyo mwili umepooza kuanzia mabegani kushuka. Kwenye filamu anajiigiza mwenyewe. Aliomba, watu wakamwombea, akaenda hadi kwenye mikutano ya uponyaji akiamini atainuka, na hakuinuka. Alijifunza kuchora kwa kushika brashi kwa meno, akaandika vitabu, akaanzisha huduma ya watu wenye ulemavu ambayo hadi leo inagawa viti vya magurudumu katika nchi nyingi. Imani ya Joni haikuwa ndogo kuliko ya Bethany, wala ya binti yako. Uti wa mgongo ukikatika na kano ya goti ikikatika ni vitu viwili tofauti, basi. Mtoto aliyeambiwa kwamba kupona haraka ndicho kipimo cha imani, siku goti litakapovimba tena atajiona ana dhambi, na watakaookota vipande ni wewe na mimi.

Kwa upande mwingine kabisa kuna Breakthrough ya mwaka 2019, ya John Smith, mcheza kikapu wa miaka 14 aliyezama kwenye ziwa la barafu kule Missouri, Januari 2015, akakaa chini ya maji kama dakika 15. Moyo ulikuwa umesimama kwa muda mrefu, mama yake akaomba kwa sauti chumbani, mapigo yakarudi, na mtoto akatoka hospitali akitembea baada ya siku 16. Hiyo ni ya kweli pia. Naitaja kwa sababu mtumishi akiijua ataitumia. Wewe mwonyeshe kwamba wakati mama anaingia kuomba, wahudumu walikuwa wamemkandamiza John kifua muda wote huo bila kuacha, na maji ya barafu yalikuwa yameupoza ubongo, ukawa baridi usihitaji hewa nyingi. Mama yule aliomba, wala hakuwaambia waondoe mikono.

Nije kwa mtumishi, na hapa nitakushangaza kidogo: magongo siyo ugomvi. Kwa upasuaji wa kawaida wa kano hii, wagonjwa wengi huwa wameshaachana nayo kabla ya wiki ya saba. Kama anatembea bila kuchechemea na goti linanyooka lote, hata mimi ningeyachukua nikampa mwingine. Usipigane na mtu wa Mungu kwa jambo ambalo yuko sahihi. Pigana, kwa heshima, kwenye lile la pili, la kurudi uwanjani. Mwalike siku ya kliniki. Wengi wao hawajawahi kuona mfano wa goti wa plastiki ukifunguliwa mbele yao na kuonyeshwa kano ile inapita wapi. Mwombe amwombee binti uvumilivu wa miezi saba na kitu iliyobaki. Ni ombi gumu kuliko la kupona leo, na mtoto anayaheshimu maneno yake kuliko yako, usilipoteze hilo.

Kuhusu mazoezi, sijaliona goti, na kama daktari alishona pia ule mto wa ndani unaoitwa meniskasi, ratiba hubadilika. Mwenye neno la mwisho ni aliyempasua na fizio wake. Lakini yapo mambo ambayo unaweza kuyaangalia nyumbani wewe mwenyewe.

La kwanza ni kunyooka. Mlaze chali kitandani, miguu yote miwili imenyooshwa, inama uangalie kwa usawa wa godoro. Nyuma ya goti lililopasuliwa kusiwe na mwanya mkubwa kuliko wa upande wa pili. Goti lisiponyooka sawasawa hadi sasa, hilo ni la kumpeleka fizio wiki hii, kabla ya habari nyingine yoyote ya mazoezi. Kisha weka taulo lililokunjwa chini ya goti, mwambie alikandamize kwa kukaza paja na utazame pia ya goti: inapaswa kupanda juu kidogo kuelekea pajani, waziwazi, kama upande wa pili. Ikitetemeka tu bila kupanda, msuli wa mbele ya paja bado umelala.

La pili ni futi ya fundi cherehani. Pima sentimita kumi kutoka ukingo wa juu wa pia ya goti, weka alama kwa kalamu, zungushia futi paja, andika. Fanya hivyo na la upande wa pili. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ileile, yeye akiwa amelala na paja limelegea. Siku ya kwanza tofauti inaweza kuwatisha wote wawili, lakini ni dawa nzuri kwa mtoto anayesema amepona, kwa sababu namba haimbishii wala haimwonei. Inamngoja tu. Upana wa paja siyo nguvu yenyewe, nguvu itapimwa kliniki, ila unaonyesha mwelekeo.

Kwa mpangilio wa kawaida, kukimbia taratibu kwa mstari ulionyooka huanza karibu mwezi wa tatu au wa nne, kuruka na kutua kwa miguu miwili baadaye, kwa mguu mmoja baadaye zaidi, na mazoezi na wenzake bila kugongana kuelekea mwezi wa saba. Kwenye mwezi wa tisa hafunguliwi geti kwa sababu tarehe imefika. Nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia. Aruke kwa mguu mmoja, mara moja kisha mara tatu mfululizo, na umbali uwe angalau asilimia 90 vilevile. Na atue bila goti kuangukia ndani; hilo mwombe fizio amrekodi kwa simu, halafu binti ajitazame polepole. Wapo wanaofika mwezi wa tisa wakafeli, wakapewa miezi mingine miwili. Mwandae kwa hilo mapema, lisije likaonekana adhabu.

Kuhusu mashindano ya mwaka huu, jibu ni hapana, na umwambie wewe leo, asije akaambiwa na mwalimu siku timu inatangazwa. Lakini usimtoe kwenye timu. Mwombe mwalimu ampe kazi yenye jina: kuandika magoli, kushika saa, kujifunza kupuliza filimbi kwenye mazoezi akiwa amesimama pembeni. Anaweza pia kukaa kwenye kiti chini ya goli na kufunga, mikono yake haina ruhusa ya kuugua. Mchezaji wa kati anayeweza pia kuhamia namba ya kufunga, mwakani mwalimu atamgombania.

Na mkimbize hospitali, bila kusubiri kliniki wala maombi ya jioni, akipata mojawapo kati ya haya: goti limevimba ghafla na lina moto, homa, kidonda kinatoa usaha, goti limejifunga halikunjuki, au kigimbi kimevimba, kinauma na kimekaza upande mmoja. Hilo la mwisho linaweza kuwa damu iliyoganda. Akianza kuhema kwa shida au kifua kumbana, ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.